Betri ya Zahanati

Mashine iliyodaiwa kugoma siku mtoto alipokufa iliwaka mara ya kwanza tu Inspekta alipobonyeza kitufe.

Ilikoroma kidogo, ikatetemeka, kisha ikatulia katika mngurumo wake wa kazi, na hewa ikaanza kutoka kwenye mpira mwembamba ulioning'inia ubavuni. Inspekta aliushika mpira, akausogeza shavuni, akasikia ubaridi. Alivuta kigoda, akaketi, akaiacha mashine iendelee.

Kituoni walimwita Taratibu. Walisema akiitwa kwenye nyumba inayoungua atauliza kwanza kiberiti kilinunuliwa duka gani. Jina hilo halikumuudhi. Lilimpa nafasi ya kukaa. Basi alikaa, macho kwenye kishale cha inveta, kile kisanduku kinachounganisha betri na mashine, akingoja kishale kishuke. Hakikushuka.

"Mama," alisema mwishowe, "betri hii imebadilishwa tangu siku ile?"

Aliyeulizwa alikuwa mhudumu wa zahanati, mwanamke mtu mzima aliyejulikana na wote kama Mama Deki, maana hakuna aliyewahi kumkuta bila ndoo. Hata sasa alikuwa nayo pale mlangoni, tambara limelala ukingoni.

"Haijabadilishwa, afande."

"Imepelekwa kwa fundi?"

"Hapana."

"Kwa hiyo ni ileile."

"Ndiyo hiyohiyo."

"Na watu walikuwa wanachaji simu hapa?"

"Walikuwa wanachaji. Mtu amekuja na mgonjwa wake, amelala sakafuni siku mbili, utamkatalia kuchaji simu?"

"Sijasema ungemkatalia. Jumapili ile ya wageni kulikuwa na mawingu?"

Mama Deki alimtazama kama anayetafuta mtego uko wapi. "Mawingu ya wapi? Jua lilikuwa linachoma. Wageni walifungua miavuli."

Inspekta aliinua macho darini, akafuata waya uliotoka kwenye paneli za juu ya paa hadi chini kwenye betri. Jua kali, paneli nzima, na betri ambayo leo ilikuwa inaiendesha mashine bila hata kutoa jasho. Simu za kijiji kizima zisingeweza kuimaliza betri ile saa za mchana.

Lakini jalada lilisema ndizo zilizoimaliza. Lilikuwa jalada jembamba na kila mtu kituoni alikwisha kulichoka. Shirika la kanisa lililojenga shule na zahanati hii, na kuwalipia ada watoto wa vijiji vile vya milimani, lilileta wageni Jumapili kuja kuona kazi yake. Asubuhi hiyohiyo, wakati ibada inaendelea, mke wa fundi wa redio alijifungua hapa mtoto wa kiume, na muda mfupi baadaye mtoto akaanza kupumua kwa shida. Alihitaji oksijeni. Mashine ilikuwepo, imetolewa na shirika lenyewe, lakini haikuwaka, na mtoto akafa. Kesho yake baba wa mtoto alifika kituoni akisindikizwa na Mchungaji, akamlalamikia nesi kwamba aliiacha betri ya zahanati iishe kwa kuchajia simu za watu. Nesi alikamatwa. Alipoulizwa, alijibu kwa kinywa chake mwenyewe: betri iliisha, kosa ni langu. Mkuu wa kituo alishataka jalada liende kwa mwendesha mashtaka kesho asubuhi. Nesi angefungwa, na akitoka asingeshika tena bomba la sindano maishani.

Taratibu alikuwa amekerwa na kitu kimoja. Katika miaka yake yote ya kazi, watu wasio na hatia walimbishia, na wenye hatia walimbishia zaidi. Huyu alikuwa wa kwanza kukubali kabla swali halijaisha.

Alizima mashine, akapiga magoti, akamulika betri kwa tochi. Ilikuwa betri kubwa ya maji, yenye vifuniko juu. Nyaya za zahanati zilikuwa zimekazwa kwa nati. Alilegeza nati moja kwa spana yake, akautoa waya, akakisogelea kichwa cha betri mpaka pua ikakaribia kugusa. Kwenye madini laini ya risasi ya kichwa hicho kulikuwa na alama ndogo ndogo za meno, zimepangana, bado zinang'aa. Akazipima kwa rula ndogo. Akalegeza na nati ya pili. Upande wa pili nao ulikuwa umeng'atwa.

"Hapa zahanati kuna kitu kinachotumia vibanio vya meno? Vile vya kubana betri?"

Mama Deki aliinama, akalikamua tambara ambalo halikuwa na maji. "Mimi ni wa kudeki tu, afande."

"Sijakuuliza kazi yako."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, hujaniuliza."

Inspekta alisimama, akajipangusa magoti. Kwenye sinki la kunawia kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche. Aliomba akiazime, akakitia kwenye mfuko wa plastiki na kutoka nje.

Kanisa lilikuwa ng'ambo ya uwanja tu. Mtu akisimama kwenye dirisha la chumba cha leba angeweza kuwahesabu watu wanaoingia ibadani. Pembeni ya uwanja ilikuwepo shule, na watoto walikuwa wanaitikia somo kwa pamoja, sauti zao hazipandi wala hazishuki. Mchungaji alimpokea mlangoni, akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri.

"Karibu, Inspekta. Tumekuwa tukikuombea."

"Asante. Vyombo vya sauti viko wapi?"

Mchungaji akamwonyesha jukwaa. Jukwaa lilikuwa la mbao, limefunikwa kwa kitambaa chekundu cha pamba. Pembeni ilikaa amplifaya, na nyuma yake nyaya mbili ndefu zilizoishia kwenye vibanio viwili vyenye meno, kimoja chekundu na kingine cheusi.

Inspekta alitoa sabuni, akaibana kwa kibanio chekundu, akakiachia. Kisha akatoa rula ileile mfukoni, akapima nafasi kati ya alama moja na nyingine, na kutikisa kichwa kukubali. Vipimo alivyochukua kwenye betri vilikuwa vilevile.

"Kitambaa hiki ni cha zamani?"

"Kipya. Kina mama walikishona kwa ajili ya wageni. Kilitandikwa Jumamosi jioni."

"Na hapa kimepatwa na nini?"

Nyuma ya amplifaya, mahali ambapo macho ya waumini hayafiki, kitambaa kilikuwa kimepauka, na katikati ya mpauko kulikuwa na matundu. Inspekta aligusa ukingo wa tundu moja kwa kidole. Nyuzi zilikatika zenyewe.

"Panya," alisema Mchungaji.

"Panya wenu wana nidhamu. Pale pembeni kuna mishumaa hawajaigusa." Inspekta aliketi kwenye ngazi ya jukwaa. "Hayo ni maji ya betri, Mchungaji. Betri yenye vifuniko imebebwa ikainama, ikamwaga, ikawekwa hapa. Kitambaa kimetandikwa Jumamosi jioni, kwa hiyo ilikuja baada ya hapo. Sasa niambie wewe, au nikusomee mimi?"

Mchungaji alikwenda kwenye benchi la mbele, akakaa, mikono katikati ya magoti. Alipozungumza, alizungumza kama mtu anayesoma tangazo la watu wengine.

"Mwaka jana sauti ilikuwa mbovu. Wageni hupiga video, wanaipeleka kwa watu wao wanaochangia. Video ile haikusikika kitu. Baada ya hapo wakapunguza watoto wa kulipiwa shule. Sisemi ndiyo sababu. Lakini walipunguza. Mwaka huu betri yetu ikafa siku chache kabla hawajafika."

"Mkachukua ya zahanati."

"Tuliiazima. Kwa ibada tu."

"Nesi alikubali?"

"Alikataa. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya zahanati, nikamsihi. Hakukuwa na mgonjwa hata mmoja asubuhi ile. Akakubali kwa sharti kwamba mgonjwa akija, betri irudi papo hapo."

"Na mgonjwa alipokuja?"

"Mimi nilikuwa mbele na wageni, Inspekta. Nakuapia..."

"Usiape."

"Sikuona mtu. Nilijua baadaye, wageni wakiwa wanakunywa chai."

"Betri ilirudi lini?"

"Mgeni alipomaliza hotuba."

"Mtoto ameshakufa."

"Ndiyo," alisema Mchungaji.

Watoto wa shule waliitikia tena, wote kwa pamoja. Mchungaji aliinua kidole kuelekea dirishani.

"Unawasikia hao? Shirika lina masharti. Kifaa cha hospitali kikitumika kwa kazi nyingine, wanaondoa mkono. Shule, dawa, chanjo, vyote. Nimekaa nikapima. Watoto wote hao upande huu, na upande ule mtu mmoja."

"Ukamsindikiza baba wa mtoto kuja kumshitaki huyo mtu mmoja."

"Nilimsindikiza."

"Na huyo mtu mmoja mlimwomba akubali kosa?"

"Hapana. Hilo Mungu ni shahidi yangu. Nilishangaa niliposikia. Alikubali mwenyewe."

Inspekta alimwamini, na hilo ndilo lililomfanya abaki ameketi. Mchungaji alikuwa na sababu ya kuficha. Nesi alikuwa na kila sababu ya kusema. Alikuwa na neno moja tu la kutamka ili alale kwake usiku uleule, na akalimeza.

"Nani alikuwa kwenye vyombo siku ile?" aliuliza.

Mchungaji alisimama, akaanza kukinyoosha kitambaa chekundu, akalifunika tundu kwa mkunjo. "Kijiji hiki kina fundi mmoja tu, Inspekta."

Inspekta alipofika kituoni, adhuhuri ilikuwa imepita. Mama Deki alikuwa ametangulia. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni na bakuli lililofungwa kwa kitambaa mapajani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na ndoo. Konstebo wa zamu alisema anakuja kila siku, analeta chakula cha nesi, anarudi na bakuli tupu.

Inspekta aliagiza nesi aletwe kwenye chumba cha mahojiano. Kisha akabadili mawazo na kumwita Mama Deki naye aingie.

Nesi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kucha zilizokatwa fupi kabisa. Siku za mahabusu zilikuwa hazijamfanya mchafu, zilimfanya awe mkimya tu. Aliketi, akaweka mikono mezani, akangoja kama anayengoja zamu yake kwenye foleni ya benki.

"Leo nimewasha ile mashine," Inspekta alianza. "Inafanya kazi vizuri."

"Nafurahi."

"Betri nayo ni nzima."

"Siku ile iliisha."

"Siku ile ilikuwa kanisani. Mchungaji ameshasema."

Nesi alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Basi iliishia kanisani. Mimi ndiye niliyeitoa. Kosa ni langu vilevile."

"Uliitoa kwa sharti. Mgonjwa alipofika ulimtuma nani akaidai?"

"Sikumtuma mtu."

"Wewe nesi wa miaka yote hii. Una mtoto mkononi anabadilika rangi, oksijeni iko ng'ambo ya uwanja, na hukumtuma mtu?"

"Sikumtuma."

"Basi hapo ndipo utafungwa. Kuazimisha betri ni ujinga tu. Kutokuidai ni kuua."

"Andika hivyo."

Alisema bila ukali, kama anayemruhusu mtu apite. Inspekta hakuandika. Alimgeukia Mama Deki, ambaye alikuwa amesimama ukutani na bakuli lake.

"Shikamoo, mama."

Mama Deki alishtuka. Hakuwa amesalimiwa hivyo tangu kesi ianze. "Marahaba, mwanangu."

"Siku ile kulikuwa na watu wangapi zahanati?"

"Mama, nyamaza," alisema nesi.

"Nesi. Mzazi. Mimi," alisema Mama Deki.

"Mama."

"Mwanangu, nimechoka." Aliliweka bakuli mezani. "Nimebeba chakula mpaka nimechoka. Nakupikia, nakufulia, nakuletea, na nikilala naona tu lile tambara nililodekia leba siku ile. Afande, alinituma mimi. Mara mbili."

Nesi aligeuza uso ukutani.

"Mke wa Fundi alikuja mwenyewe kwa miguu, kwa njia ya nyuma ya shule," aliendelea Mama Deki. "Uchungu ulimjia ghafla, siku zake zilikuwa bado. Hata mumewe hakujua, yeye alikuwa ameshatoka alfajiri kwenda kufunga vyombo. Mtoto akaja upesi. Akaanza kupumua vibaya. Nesi akaniambia, kimbia ukalete betri. Nikakimbia. Kanisa limejaa, wanaume huku, wanawake kule, kamera imesimama katikati, mgeni anaongea. Alikuwa anaongea habari za zahanati yetu, tena. Nikapenya mpaka kwa Fundi, nikamgusa bega. Nikamwambia kuna mgonjwa, nesi anataka betri."

"Ulimwambia mgonjwa ni nani?"

"Nitamwambiaje mambo ya leba kanisani, katikati ya wanaume? Nilisema mgonjwa. Sisi huwa tunasema mgonjwa tu."

"Akajibu nini?"

"Akasema avumilie kidogo, mgeni amalizie. Nikarudi. Nesi akanirudisha. Mara ya pili Fundi hakusema, alinionyesha kwa mkono kwamba ningoje."

Inspekta alisubiri nesi ageuke, na alipoona hageuki, akamwuliza mgongo wake.

"Kwa hiyo unafungwa kwa ajili ya Fundi?"

"Fundi ananihusu nini?" Nesi aligeuka. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kitu ndani. "Yule mama hana mtoto mwingine. Amehangaika miaka. Kila mimba nimeihudumia mimi, kila moja nimeiona ikitoka. Hii ndiyo iliyofika. Sasa amebaki na mume tu. Ukimwambia mume ndiye aliyesema asubiri, atabaki na nini? Mimi nikifungwa nitatoka siku moja. Yeye akishajua, ameshajua."

Inspekta alifunga jalada. "Kula," alimwambia. "Chakula kinapoa."

Nyumba ya Fundi ilikuwa ya mwisho njiani, baada yake ni mashamba. Walimwita Fundi Waya, na kibaraza chake kilieleza kwa nini: redio zilizopasuliwa matumbo, simu zisizo na migongo, nyaya za kila rangi zikining'inia misumarini. Alikuwa ameketi katikati yake, chuma cha kulehemu kikipata moto kwenye jiko la mkaa. Hakusimama.

"Karibu, Inspekta. Nasikia kesi inakwenda kesho."

"Kesho."

"Vizuri," alisema Fundi, kama mtu anayeitikia salamu ya mpita njia.

"Nimetoka kuzungumza na Mama Deki."

Fundi alichukua chuma, akagusisha ncha yake kwenye waya, akatazama moshi ukipanda, akakirudisha kwenye makaa. Alirudia mara nyingine, kwenye waya uleule ambao ulikuwa umeshashika.

"Amesema nini?"

"Sema wewe."

Inspekta alikuwa amejiandaa kwa hasira, au machozi, au mtu wa kukimbilia shambani. Hakuna kilichotokea. Fundi alizungumza huku akiitazama redio, na sauti yake ilikuwa kavu, haina kipande kilichozidi kingine.

"Asubuhi nilifungua nati mimi mwenyewe. Nikaibeba na mzee mmoja wa kanisa. Ibada ikaanza. Huyo mama akaja akanigusa bega, akasema kuna mgonjwa, nesi anataka betri. Mgeni alikuwa ameshika kipaza sauti. Kamera inawaka. Nikizima, watu wote wanageuka kunitazama mimi. Mwaka jana sauti ilipokatika walinisema mwaka mzima. Nikamwambia avumilie kidogo. Akarudi tena. Nikafanya hivi." Aliinua kiganja, akakishusha polepole kuelekea sakafuni, kama mtu anayetuliza watoto.

"Ulijua ni mkeo?"

"Hapana."

"Ungejua?"

"Ningeng'oa waya kwa meno."

"Ulidhani ni nani?"

Fundi alifikiri. Ilionekana hakuwahi kuulizwa, wala kujiuliza.

"Mtu," alisema. "Nilidhani ni mtu wa mtu mwingine."

Inspekta alitoa karatasi za maelezo, akaziweka juu ya paja, bila kuandika bado.

"Na nesi je?"

"Mchungaji alikuja kesho yake. Aliongea habari za shule na shirika, mimi sikumsikia. Nilichosikia ni kwamba kuna mwingine wa kulaumiwa. Nikapata nafuu. Nimekaa na hiyo nafuu mpaka leo." Alikichukua tena chuma, akakishika tu. "Hailiki, hailaliki. Nitaandika unachotaka, Inspekta. Nitafuta malalamiko, mnifunge mimi, mwachieni nesi. Lakini naomba kitu kimoja. Mke wangu asijue."

Pazia la mlangoni lilisogea. Mwanamke aliyetoka alikuwa amejitanda mtandio na amevaa viatu vya kutokea. Alikuwa bado na uvimbe usoni wa mtu aliyejifungua juzi juzi. Alisimama kizingitini akiwatazama wote wawili, na hakukuwa na kitu machoni mwake ambacho Inspekta angeweza kukiandika.

"Nimejua tangu siku ile," alisema.

Chuma cha kulehemu kilimtoka Fundi mkononi, kikagonga sakafu.

"Kitanda cha leba kiko karibu na mlango. Mama Deki aliporudi alimwambia nesi palepale, Fundi anasema mgeni amalizie. Mtoto nilikuwa naye kifuani. Nesi alidhani sisikii, nimelegea. Nilikuwa nasikia."

"Kwa nini hukusema, shemeji?" Inspekta aliuliza, na papo hapo akashangaa kwamba amemwita shemeji.

"Nilikuwa nangoja aseme yeye. Kila nikiamka nasema labda leo. Anaamka, ananichemshia maji ya kuoga, anakuja kukaa na redio zake. Siku inakwisha." Alijifunga mtandio upya. "Na nesi yuko ndani kwa ajili yangu, najua. Hilo ni la kwangu. Mwili wote umekufa ganzi, Inspekta, sikuweza hata kukasirika. Leo nimesikia gari, nimeweza kuvaa viatu. Nichukue nikaandike nilichosikia."

"Mumeo ameshakubali. Maelezo yake yanatosha kumtoa."

"Nataka na yangu yaandikwe."

Inspekta aliinuka. Fundi bado alikuwa ameketi palepale, chuma kikifuka moshi karibu na mguu wake, na ilibidi Inspekta akisukume kwa kiatu. Mwanamke alianza kupita katikati ya zile redio, akichagua pa kukanyaga.

"Mke wangu," Fundi alisema.

Alisimama, bila kugeuka.

"Mimi nilimkuta ameshafunikwa. Sijakuuliza." Aliutazama mgongo wake. "Alilia?"

Kule mashambani mtu alikuwa anakata kuni.

"Alilia," alisema. "Mwanzoni alilia kwa nguvu kabisa. Ninyi mlikuwa mmefungulia vipaza sauti."

Kisha akashuka kibarazani, akamwuliza Inspekta gari ameliacha upande gani.